Uhandisi wa upepo kwenye maghorofa: handaki, kompyuta au kupima jengo lenyewe?

Nguzo88: Wakuu, mhandisi mwenye shahada ya kwanza ya ujenzi anayetaka kubobea kwenye athari za upepo aanzie wapi kati ya hizo tatu?

Kipimapembe: Handaki la upepo, yaani njia ya maabara ambamo feni hupulizia hewa modeli ya jengo. Modeli ya skeli 1:400 hukaa juu ya meza inayozungushwa nyuzi 10 kila mara, hivyo pande 36. Mbele yake hupangwa vitofali sakafuni ili upepo uwe wa polepole chini na wa kasi juu, kama ulivyo mjini. Kosa la wanaoanza ni modeli kubwa mno. Ikiziba zaidi ya asilimia 5 ya eneo la mkato wa njia ya hewa, hewa hubanwa na vipimo hupotoka. Mirija ya kupimia kanieneo nayo ikiwa mirefu hupotosha vilele vya kanieneo, ambavyo ndivyo huamua unene wa vioo. Isiporekebishwa kihesabu, unene huo utakosewa.

Mara_tatu: Kompyuta ina soko pana zaidi, ila ujue mipaka yake. Mbinu ya RANS (hesabu ya mtiririko wa hewa kwa wastani) hutoa wastani tu, na hiyo hutosha kukagua upepo wanaoupata wapita njia. Kioo huvunjwa na kilele cha sekunde chache, kwa hiyo hapo unahitaji LES (hesabu inayofuata mizunguko mikubwa ya hewa kadiri inavyobadilika), ambayo upande mmoja tu wa upepo unaweza kuchukua siku kadhaa. Tena majibu yake lazima yalinganishwe na ya handaki.

Tindikali: Msisahau kupima jengo lenyewe. Uwezo wa jengo kuzima mtikisiko hukadiriwa tu wakati wa usanifu, mara nyingi asilimia 1 hadi 2. Ukiwa nusu ya makadirio, mtikisiko wa mwangwi (pale upepo unapolisukuma jengo kwa mdundo wake lenyewe) huongezeka karibu mara 1.4. Funga akselerometa (vipima mtikisiko) kwenye kona mbili za juu; ya katikati peke yake haioni jengo likijisokota.

Kipimapembe: @Tindikali kweli kabisa, hilo handaki haliwezi kukuambia.

Nguzo88: Na hesabu ipi aijue kwa mkono?

Mara_tatu: Namba ya Strouhal, inayohusisha kasi ya upepo, upana wa jengo na mdundo wa mizunguko ya hewa inayojitenga pembeni mwake; kwa umbo la mraba ni karibu 0.12. Jengo la mraba lenye upana wa mita 30, linaloyumba mara 0.16 kwa sekunde: 0.16 × 30 ÷ 0.12 = mita 40 kwa sekunde. Upepo wa kasi hiyo ukitarajiwa huko juu, mizunguko ya hewa italisukuma ubavuni kwa mdundo wake lenyewe. Badilisha umbo kwanza. Taipei 101, ghorofa refu la Taiwan, ilikatwa kona ndipo ikawekewa tufe la tani 660 la kupunguza kuyumba.