Muuzaji anasema atatoka "nyumba yake ya Malolo ikiisha": mkataba uandikweje? (Tabora)

Mwembe_Isevya

Habari zenu wakuu. Nyumba ipo Isevya: vyumba vitatu, sebule, jiko, choo cha ndani, ina hati ya miaka 33. Bei tumekubaliana milioni 68. Muuzaji anaishi humo na mkewe na watoto. Anajenga Malolo, boma limefika kwenye lenta (ule ukanda wa zege juu ya madirisha na milango). Anataka milioni 45 sasa hivi mwezi huu wa Septemba apaue na kumalizia, milioni 23 siku ya funguo. Siku yenyewe ya funguo anasema ni "nyumba ikiisha, kama miezi minne hivi".

Kodi ninakopanga inakwisha mwishoni mwa Januari, na mwenye nyumba hapokei chini ya miezi sita. Naomba kujua: milioni 45 si nyingi kwa kuanzia? Hilo "ikiisha" tuliandikeje? Kodi za serikali ni za nani? Akichelewa nina nguvu gani?

Stempu_na_Muhuri

Mkuu, neno "ikiisha" litoe kabisa kwenye mkataba. Nyumba kwetu haiishi. Mtu huhamia bati likishapigwa na mlango wa mbele ukishafungwa, dari anaweka mwaka wa pili, vigae vinasubiri mtoto amalize chuo. Siku utakayomwambia atoke atakuonyesha jiko halina sinki, na karatasi itakuwa upande wake.

Andika tarehe, tena mbili. Ya kwanza ni ya kukabidhi, tuseme 15 Januari. Ya pili ni ya mwisho kabisa, tuseme 28 Februari. Katikati ya hizo anaweza kubaki kwa kukulipa kiasi mlichotaja kwa kila wiki. Ikipita ya pili, uchaguzi ni wako: uvunje mkataba na kurudishiwa fedha zote pamoja na fidia, au uendelee kuidai nyumba. Kisha weka sentensi isemayo wazi kwamba muda ni sharti la msingi. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba (Sura 345) kinakupa haki ya kuvunja pale tu muda ulipokuwa sharti la namna hiyo. Bila maneno hayo kuchelewa kwake kunaweza kuhesabiwa jambo la kufidiwa tu, na wewe unabaki umefungwa naye.

Kuhusu fidia, usiandike "laki tano kwa siku" ili kumtisha. Kifungu cha 74 kinasema kiasi mlichotaja ni kikomo, na mahakama hutoa kinachofaa bila kukivuka. Andika kitu unachoweza kukieleza: kodi ya miezi sita utakayolazimika kulipa tena, gharama ya kuhifadhi vyombo, usafiri. Kwa kuwa mwenye nyumba wako hapokei mwezi mmoja mmoja, hasara yako inaanza yote kwa mkupuo tarehe 1 Februari. Hilo litajwe kwenye mkataba ili muuzaji asije kusema hakujua.

Milioni 45 ni asilimia 66 ya bei, huku hati ikiwa bado na jina lake. Ndiyo, ni nyingi mno.

Fundi_Kozi

Nizungumzie hiyo miezi minne. Boma la vyumba vitatu lililo kwenye lenta bado lina haya: kozi (mistari ya matofali) tatu au nne za juu, wiki moja. Kupaua na kuezeka, wiki mbili hadi tatu. Kupitisha mabomba ya waya na maji ukutani kabla ya lipu, wiki moja. Lipu ndani na nje, wiki tatu hadi nne. Sakafu, wiki moja. Grili, madirisha na milango, wiki mbili. Shimo la choo na chemba vinaweza kwenda sambamba na lipu. Hapo ni wiki kumi hadi kumi na mbili, fedha isipokatika hata siku moja. Kama lenta imemwagwa juzi, ubao wa chini usitolewe kabla ya siku 14. Mafundi wengi huutoa mapema ili wakautumie kwingine, na nyufa za juu ya madirisha huanzia hapo.

Tatizo la Tabora ni Novemba. Mvua ikianza, vibarua na mafundi wengi huenda mashambani, mahindi na tumbaku havisubiri boma la mtu. Lori la mchanga halifiki mitaa yenye udongo mlaini. Lipu ya nje inachelewa kukauka, na kama matofali ni ya kuchoma yaliyojengewa udongo, kuta zisizo na bati zikilowa kozi za juu hulegea. Asipoezeka kabla ya Oktoba kwisha, futa Januari, hesabu Aprili au Mei.

Nenda Malolo ukaangalie kitu kimoja: shimo la choo. Anayehama kweli huchimba shimo kabla ya kuulizia bei ya vigae. Halafu uliza kama ameomba umeme na maji. Kama hata maombi hajapeleka TANESCO na TUWASA, ile miezi minne ni maneno ya kukufurahisha.

Asali_Mbichi

Mimi naona njia rahisi ni kumlipa kwa hatua za ujenzi wake. Milioni 15 ya kupaua, milioni 10 ya lipu, milioni 10 ya milango na grili, na hela iende moja kwa moja duka la vifaa, isipite mkononi mwake. Hivyo una uhakika haijaenda kwenye harusi ya mtu.

Stempu_na_Muhuri

@Asali_Mbichi nia ni njema lakini hapo mnunuzi amegeuka msimamizi wa ujenzi wa mtu mwingine. Akiishia njiani, bati ulilolinunua limepigiliwa misumari kwenye kiwanja kisicho chako, na hati ya Isevya haijasogea hata kidogo. Hatua unazolipia ziwe za nyumba unayonunua wewe. Ujenzi wa Malolo ni hatari ya muuzaji, aibebe mwenyewe.

Mgawanyo wangu kwa milioni 68 ungekuwa hivi. Milioni 6.8 siku ya kusaini, baada ya upekuzi rasmi wa hati katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa kuonyesha jina ni lake, hakuna mkopo wala zuio. Milioni 13.2 pale fomu za uhamisho zikishasainiwa na wote na kukaa kwa wakili, na wewe umeshasajili zuio lako, yaani kaveati, ili asiihamishie hati kwa mwingine, chini ya kifungu cha 78 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi (Sura 334). Milioni 25 hati ikitoka na jina lako. Milioni 23 funguo mkononi, nyumba tupu. Kwa malipo mawili ya mwanzo tayari ana fedha ya mbao na bati kabla ya mvua, kwa hiyo hawezi kusema unamkwamisha.

Fomu ni namba 29 ya taarifa ya uhamisho, namba 30 ya kuomba idhini, na namba 35 ambayo ndiyo hati ya uhamisho yenyewe. Ridhaa ya mke iwe ya maandishi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59. Kama ana mke wa pili, uliza naye anakaa wapi, wala usione haya kuuliza.

Kodi sasa. Ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake. Asiye na kumbukumbu hukokotolewa asilimia 3 ya thamani, hapa milioni 2.04 (na wengi hawana, maana mchanga na mawe ya msingi hayaji na risiti). Kama amemiliki na kuishi humo jumla ya miaka mitatu au zaidi na faida haizidi milioni 15, ana msamaha. Aupeleke mwenyewe TRA. Ushuru wa stempu ni wako, karibu asilimia 1, laki sita na themanini hivi. Lakini kumbuka kwamba bila cheti cha TRA uhamisho hausajiliwi. Kwa hiyo ile 2.04 usimpe mkononi: ikate kwenye zile 13.2, mwambie akupe kontroo namba, lipa mwenyewe, kopi ya risiti iingie faili la wakili. Wanunuzi wengi hukwama hapa. Muuzaji ameshatumbukiza fedha zote kwenye saruji, ya kodi hana. Deni la kodi ya pango la ardhi nalo lilipwe kabla faili halijaenda.

Ile asilimia 10 ambayo baadhi ya wenyeviti wa mitaa hudai si kodi. Mwenyekiti anaweza kuwa shahidi wa mauziano, muhuri wake haugeuzi jina kwenye hati.

Mwembe_Isevya

Asante sana wakuu. Nimemgusia mgawanyo huo, hajakataa. Ila anauliza: hati ikishakuwa na jina langu mwezi wa Desemba, na yeye bado yumo ndani, atakuwa nani humo?

Kitabu_cha_Hati

Atakuwa mpangaji wako, na hilo liandikwe kabla ya hati kutoka, siyo baadaye. Mkataba wa upangaji wa muda maalumu, mwisho wake ile tarehe ya mwisho kabisa, usioongezwa ila kwa maandishi ya wote wawili. Hadi 15 Januari aweza kukaa bure kama sehemu ya makubaliano. Kuanzia 16 Januari kodi ya kila wiki inakatwa kwenye milioni 23 zilizobaki. Usiikusanye kwa mkono, mtagombana kila Jumamosi.

Sababu ya kutopunguza hizo milioni 23 ni hii: aking'ang'ania, huwezi kubadili kitasa wala kutoa bati. Utakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kuna foleni. Fedha uliyoishikilia inamhamisha haraka kuliko shauri. Wapo watakaokushauri ushikilie milioni tano tu ili kulinda uhusiano. Kwa mtu ambaye nyumba mpya haina dari, milioni tano haimtoi kitandani.

Kama sehemu ya fedha yako ni mkopo wa benki, sema mapema. Barua ya mkopo ina tarehe ya mwisho, ripoti ya uthamini nayo huchakaa, na benki haitoi fedha vipande vipande kwa ratiba ya fundi wa Malolo.

Fundi_Kozi

La kuongeza kuhusu siku yenyewe. Anayehamia jengo lisilokamilika hubeba. Tenki la maji, pampu, sinki, feni, milango ya ndani, vitasa, geti, hata mbao za banda la kuku, kwa sababu kule vyote hivyo vinahitajika na fedha imekwisha. Kisheria mtabishana kipi ni sehemu ya nyumba, kwa hiyo tembeeni chumba kwa chumba siku ya kusaini, andikeni kinachobaki, pigeni picha, wote msaini kila ukurasa.

Siku ya funguo soma mita ya maji mkiwa wote wawili, picha ya namba, deni la mwisho alilipe TUWASA siku hiyohiyo. Kwenye LUKU nunua umeme kidogo mbele yake. Kodi ya jengo, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya chini, hukatwa humo, na kama miezi kadhaa hakuna aliyenunua umeme utaona limbikizo papo hapo. Fungua bomba zote, vuta choo mara tatu mfululizo, kisha nenda nje ufunue chemba ya mwisho kabla ya shimo. Maji yakisimama hapo shimo limejaa, na gharama ya gari la kunyonya ikatwe kwenye milioni 23 kabla hujatuma hata senti.