Tupeane uzoefu: miezi mitupu kwenye taarifa ya NSSF

Bint Jinja
Ile mada ya jana, ya mwanachama wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda) kuruhusiwa kuchukua asilimia 20 ya akiba yake akifikisha miaka 45, imenigusa. Wengi wanafikisha miaka 45, wanafungua taarifa ya NSSF kwa furaha, wanakuta miezi mitupu katikati, isiyo na mchango. Mnaojua mambo haya mwageni hapa: pengo linatoka wapi, na linazibwaje?

Karani wa Mishahara
Dada, kwanza lisome pengo lenyewe. Piga *254# au ingia kwenye programu yao ya simu, utoe taarifa ya tangu ulipoanza kuchangia, si ya mwaka huu tu. Ilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Mshahara ghafi ukiwa 600,000, wewe unakatwa 30,000 (asilimia 5), mwajiri anaongeza 60,000 (asilimia 10). Taarifa lazima isome 90,000, na mwajiri anatakiwa awe ameilipa ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Sasa angalia hapa. Ukikuta 60,000 badala ya 90,000, huenda mwajiri anapigia hesabu mshahara wa msingi wa 400,000 na kuziacha posho za nyumba na usafiri. Posho za fedha taslimu nazo zinahesabiwa. Hili ndilo pengo linalowapita watu wengi, maana kila mwezi unaonekana umelipwa.

Fundi Katwe
Hapo kwa posho, kweli tupu.

Duka la Kikuubo
Msiwatishe wenye maduka. Sheria inahusu mwenye wafanyakazi watano na kuendelea.

Karani wa Mishahara
Ilikuwa hivyo, ndugu. Marekebisho ya 2022 yalifuta kiwango hicho: hata mwenye mfanyakazi mmoja anachangia.

Duka la Kikuubo
Basi mtu asidai miaka ya nyuma!

Karani wa Mishahara
Duka lililokuwa na watu watatu kabla ya 2022 halidaiwi miaka hiyo. Lililokuwa na saba linadaiwa yote.

Utingo wa Malaba
Kuna mama mmoja huku mpakani, mumewe alikuwa dereva wa lori, akafa ajalini. Hati za mshahara zinaonyesha makato ya asilimia 5 kila mwezi, lakini taarifa imesimama miezi mingi kabla ya kifo. Pesa zilikatwa, hazikupelekwa. Mwajiri anamwambia marehemu alikuwa kibarua! Watoto wanne, na ada haingoji mtu.

Bint Jinja
Mungu wangu. Mama huyo afanyeje?

Fundi Katwe
Awaite jamaa waende wakalale langoni kwa huyo tajiri.

Afisa Rasilimali Watu, Mbarara
Asiende langoni. Achukue hati za mshahara, mkataba, na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, apeleke malalamiko ya maandishi kwenye tawi la NSSF lililo karibu. Mfuko una mamlaka ya kukagua vitabu vya mwajiri na kumdai kwa sheria, pamoja na adhabu ya kuchelewesha. Na asisubiri deni lilipwe ndipo aombe mafao ya wategemezi: kilichopo akaombe sasa, na cheti cha kifo kutoka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili) kiwe mkononi. Kuhusu kibarua, neno hilo halimwondolei mwajiri wajibu wa kuchangia.

Utingo wa Malaba
Asante sana afisa. Nampelekea ujumbe huu leo.

Mama Nalufenya
Kwa nini mtu asijazie mwenyewe hiyo miezi? Michango ya hiari imeruhusiwa, unalipa kwa simu.

Afisa Rasilimali Watu, Mbarara
Mama, hapana! Ukijazia mwenyewe unambebea mwajiri asilimia 10 yake. Hiari ni ya nyongeza juu ya mchango wa lazima, au kwa aliyejiajiri. Deni la mwajiri lidaiwe kwanza.

Mama Nalufenya
Na riba ambayo Mfuko unalipa kwa akiba je? Mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa asilimia 11.5. Ukingoja kesi unaikosa.

Karani wa Mishahara
Weka hiari ukiwa nayo, lakini dai liendelee. Moja halifuti lingine.

Mwalimu wa Mbale
Walimu wa serikali msichanganyikiwe, sisi hatumo NSSF. Pensheni yetu inataka utumishi wa miaka 10, na hesabu ni miezi ya utumishi mara mshahara wa mwaka, gawanya kwa 500. Miezi 240 kwa mshahara wa milioni 1 kwa mwezi inatoa 5,760,000 kwa mwaka. Theluthi yake mara 15 ndiyo kiinua mgongo: 28,800,000. Kinachobaki ni 320,000 kila mwezi. Pengo letu ni la makaratasi: tunzeni barua ya kwanza ya ajira na ya kuthibitishwa kazini.

Bint Jinja
Na yule wa miaka 45 mwenye pengo, asilimia 20 anaikosa?

Karani wa Mishahara
Anatakiwa awe amechangia walau miaka 10. Mwenye ulemavu anaanzia miaka 40, hadi asilimia 50, kwa miaka hiyo hiyo 10. Miezi mitupu ikimshusha chini ya hapo, inamzuia. Akifika 55 anachukua chake chote, pengo au hakuna pengo, ila kitakuwa kidogo.

Fundi Katwe
Angalieni majina pia. Ukiwa Okello Yusuf kwenye kitambulisho na Yusufu Okelo kwenye orodha ya mwajiri, mchango unaweza kukosa pa kuingia. Wenye namba mbili za uanachama, ombeni ziunganishwe.