Sindano namba 8 ya sokoni ndiyo namba 4 ya kwenye maelezo?

DadaNyawera (Bukavu):
Habari zenu mafundi. Nataka kumfumia mtoto wa dada yangu kofia na visoksi, maana asubuhi za Juni huku kwetu si mchezo. Maelezo niliyonayo ni ya Kifaransa, kofia inataka sindano namba 4. Soko la Kadutu nimekuta furushi la sindano za zamani: mbili ndefu zenye kichwa upande mmoja, zimeandikwa 8, tano fupi zenye ncha pande zote, na moja ya ajabu, ncha mbili zimeungwa kwa waya wa plastiki. Muuzaji anasema, "8 ndiyo 4, mama, chukua tu." Kweli hiyo? Na hizo nyingine ni za kazi gani?

MamaSufu:
Kama ni za Kiingereza za zamani, muuzaji yuko sawa. Wafaransa wanaandika milimita moja kwa moja, 4 ni milimita 4. Waingereza walihesabu kinyume, namba ikipanda sindano inakonda: 8 ni milimita 4, 10 ni 3.25, 14 ni 2 tu.

YayaLushi (Lubumbashi):
Polepole, mama. Wamarekani nao wana 8 yao, na hiyo ni milimita 5. Utafuma kofia ya mtoto imwenee baba yake. Maandishi achana nayo, pima. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe mara moja katikati ya sindano, si kwenye ncha. Tia alama pale karatasi inapokutana, kisha uinyooshe kwenye rula. Milimita 12 na nusu, sindano ni 4. Ikikaribia 16, ni 5.

DadaNyawera:
Nimepima palepale mezani kwake, watu wakinicheka. 12 na nusu! Furushi nimechukua. Aksanti yaya.

MamaSufu:
Basi sikia. Hizo ndefu ni za vipande bapa: mgongo wa pulova, mikono, skafu, halafu unashona. Yenye waya inazunguka bila mshono, ila pima kwanza ncha hadi ncha. Ikiwa sentimita 40 ni ya kofia ya mtu mzima. Kwa kichwa cha mtoto mchanga vitanzi havitafika kuizunguka. Iweke kwa blanketi, unakwenda na kurudi nayo kama zile ndefu, na uzito wote unalala mapajani badala ya kukuvunja mikono.

Kofia yako na visoksi ni kazi ya zile fupi: vitanzi unavigawa kwenye nne, unafuma kwa ya tano. Zipime nazo. Visoksi kwa kawaida vinataka nyembamba zaidi, 2.5 au 3.

FundiKadutu:
Sisi tulijifunzia spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Spoku ni kama milimita 2, visoksi vinatoka vizuri. Tatizo chuma kinateleza, ukiitwa mlangoni ukirudi vitanzi vimemwagika.

YayaLushi:
Ndiyo maana kwa anayeanza nasema mianzi, hasa kama uzi ni akriliki. Mianzi inashika.

FundiKadutu:
Inashika, sawa, lakini ile myembamba ukiikalia imekwisha. Chuma kinarithiwa, yaya.

YayaLushi:
Usiikalie! Dada, kabla ya kofia fuma kipande cha mraba, sentimita 12 hivi, uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10 za katikati. Maelezo yakisema 22 na wewe una 24, unakaza mkono. Panda sindano nene kidogo. Ukipata 20, shuka. Na ule ukingo unaovutika wa chini ya kofia, wengi tunaufuma kwa sindano ndogo zaidi, 3.25 au 3.5, ubane vizuri masikioni.

DadaNyawera:
Fupi nimezipima. Nne ni 4 kamili, ya tano imenenepa, karibu 4.5. Nirudi kwa muuzaji?

MamaSufu:
Usijisumbue. Gawa vitanzi kwenye tatu, fuma kwa ya nne, kofia itatoka bila shida. Hiyo nene utaitumia kushikilia vitanzi siku ukianza kufuma misokoto ya pulova, yale mapambo kama kamba iliyosokotwa. Hapo tofauti ya nusu milimita haina neno. Za visoksi ndizo bado huna. Muulize FundiKadutu habari za spoku.

FundiKadutu:
Ninazo. Jiwe utaleta mwenyewe.