Viza ya babu: cheti cha mama kimeandikwa "Cooper" basi

Mama Nasra, Muscat:
Wadau, mwenzenu nimekwama. Babu mzaa mama alikuwa Mwingereza wa mradi wa karanga wa Waingereza kule Kongwa, Dodoma, mama kazaliwa 1950, ndoa hakukuwa, mradi ulipokufa 1951 babu karudi kwao kimya. Nimeomba ancestry, ile viza ya wajukuu wa waliozaliwa Uingereza, wamenirudishia, cheti cha kuzaliwa cha mama cha RITA (wasajili wa vizazi Tanzania) jina la baba ni "Cooper" tu, na cha babu mwenyewe sina. Kiapo cha mdogo wake bibi kitakubaliwa kweli?

Kaka wa Leicester:
Sahau dada. Hawakuoana, hupati.

Shangazi Reading:
Wee usipotoshe watu!! Ndoa sio kigezo. Babu awe kazaliwa Uingereza, wewe uwe raia wa Jumuiya ya Madola na uombe ukiwa nje, wa kambo ndo hahesabiwi. Mama Nasra, ingia indeksi ya GRO, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ya kule, England na Wales wanasajili tangu Julai 1837, na pembeni unaona ukoo wa mama wa mtoto. Ila usije ukanunua PDF, agiza karatasi yenyewe, PDF sio ushahidi.

Mzee Coventry:
Bila jina la kwanza atatafuta mpaka kiama. Cooper ni fundi mapipa, kila mji ulikuwa na wake, sio ukoo mmoja hao. Anza na meli, faili za BT 27 pale Kew, nyaraka za taifa London, orodha za abiria walioondoka Uingereza mpaka 1960, umri, kazi, anwani ya mwisho, babu wa mke wangu nilimnasa humo. Rejista ya 1939, ile ya kuandikisha raia vita vilipoanza, nayo ina tarehe za kuzaliwa, lakini waliokuwa jeshini hawamo, na wengi wa Kongwa walitokea jeshini.

Kaka wa Leicester:
Kuna duka linauza nembo ya ukoo wa Cooper kwenye vikombe, haisaidii?

Shangazi Reading:
Nembo hupewa mtu, haipewi jina. Kwanza ya ndoa yamekuishia?

Mama Nasra, Muscat:
Asanteni, ila kiapo jamani?

Dogo Minnesota:
Kongwa kwetu hiyo! Babu alitusimulia vifaru vya vita vimegeuzwa trekta, vikapambana na mibuyu vikashindwa, mvua yenyewe hakuna. Mahela yote yale, na wakubwa wetu leo bado wanaota mashamba makubwa bila kumuuliza Mgogo. Aisee nani anatoka Dodoma Desemba, aniletee ubuyu?

Mzee Coventry:
Niandikie kilo mbili, usiwe wa rangi.