Mama ameambiwa aache vidonge vya kisukari atumie homeopathi: naomba ushauri

Mwana wa Ngamiani, Tanga

Ndugu zangu, nawasalimu. Mama yangu ana umri wa miaka 63 na ameishi na kisukari kwa miaka tisa, akitumia metformini asubuhi na jioni. Mwezi uliopita jirani alimpeleka kwa mtaalamu mmoja wa tiba mbadala, ambaye alimsikiliza kwa saa nzima, akampangia chakula, akamhimiza atembee kila jioni, kisha akampa kichupa cha vidonge vyeupe vidogo mfano wa punje za uwele na kumtaka aache dawa za hospitali kwa kuwa ni kemikali tupu. Mama ametii. Leo alfajiri nilimpima kabla hajatia kitu kinywani, mashine ikaonyesha 16.4, ilhali kwa miezi mingi alikuwa havuki 8. Mtaalamu anasema huko ni mwili kuanza kujisafisha. Mimi si mpinzani wa dawa za asili, kwani bibi alitulea kwa mwarobaini na mlonge. Naomba kueleweshwa: je, homeopathi na naturopathi ndiyo miti shamba yetu kwa jina jingine?

Mfamasia Mstaafu, Muheza

Mwanangu, la haraka kwanza. Sukari ya 16.4 kabla ya kula ni sukari iliyopanda, wala si mwili kujisafisha. Mpeleke mama kliniki leo hii pamoja na kadi yake, na akianza kutapika au kuchanganyikiwa, msingoje foleni.

Sasa swali lako. Hapa kwetu Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walipanda mikwinini, na homeopathi ilichipuka kutoka kwenye gome la mti huo huo. Mwaka 1790 daktari wa Kijerumani Samuel Hahnemann alilila gome hilo akiwa mzima, akahisi dalili zinazofanana na za homa ya vipindi, akahitimisha kwamba kitu kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Baadaye akashikilia kwamba dawa huzidi nguvu kadiri inavyozimuliwa na kutikiswa. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walilichukua gome lile lile wakatenga kwinini, dawa ambayo kipimo chake kinajulikana na ambayo imeokoa watu wasiohesabika.

Tazama lebo ya kichupa. Ikiwa imeandikwa 30C, maana yake ni kwamba sehemu moja ya dawa ilichanganywa na sehemu 99 za maji au spiriti, kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo ikatiwa tena katika nyingine 99, na hivyo hivyo mara 30. Ifikapo mara ya 12 hivi, ni vigumu kutarajia hata molekuli moja ya kitu cha awali iwe imebaki. Bibi yako alipochemsha mwarobaini, uchungu wake ulikuwa ushahidi kwamba ndani ya sufuria mlikuwa na kitu, kiwe cha kufaa au cha kudhuru. Humo kichupani kuna sukari ya maziwa au sukari ya kawaida.

Na mwambie mama kwamba metformini yenyewe ina ukoo wa mmea. Ulaya walitumia mmea uitwao Galega officinalis tangu zamani. Kiini chake hushusha sukari lakini ni sumu, hata kondoo hufa wakiula. Wanakemia walitengeneza kiwanja cha jamii hiyo kisicho na ukali huo, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza matokeo ya kukitumia kwa wagonjwa wa kisukari.

Mtabibu wa Tiba Lishe, Arusha

Mimi hufanya kazi ya naturopathi, na ninasikitika kwamba mwenzetu alimwachisha mgonjwa dawa. Hilo ni kosa, nami silitetei. Hata hivyo naturopathi ni kapu kubwa: mna lishe, mazoezi, usingizi, mitishamba, na humo humo wengine wametia homeopathi. Chakula na matembezi aliyopangiwa mama ni ushauri ambao daktari yeyote wa kisukari angeutoa, kama angepata nafasi. Naomba pia tujiulize kwa nini mama alihitaji miaka tisa kabla ya kukutana na mtu wa kumweleza kiasi cha ugali anachopaswa kula. Sisi tunatambuliwa na sheria ya mwaka 2002 na tunasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Tusihukumiwe sote kwa kichupa kimoja.

Muuguzi wa Zamu, Mwanza

Kaka yangu wa Arusha, kuhusu muda wa kumsikiliza mgonjwa nakubaliana nawe kabisa, na inaniuma kwa sababu ni mimi ninayewaita watu 60 kwa asubuhi moja. Lakini usajili humtambua mtu, hauthibitishi dawa aliyoishika. Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa matumaini ya kupona. Kuhusu homeopathi, Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2009 kwamba isitumike kutibu malaria, kifua kikuu, Ukimwi wala kuhara kwa watoto wachanga, na mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti nyingi lisipate ugonjwa hata mmoja ambao ushahidi wa kuaminika unaonyesha homeopathi inautibu.

Mwana wa Ngamiani, Tanga

Nawashukuru sana, na shikamoo mzee wa Muheza. Lebo inasema 30C. Tumerudi kliniki mchana huu. Mama amerudishiwa vidonge vyake na ametakiwa kupimwa tena baada ya siku tatu. Karatasi ya chakula daktari ameisoma yote akasema aifuate. Kichupa mama amekikabidhi bila ubishi, ila ameniuliza kama anaruhusiwa kwenda kumsalimia yule mtaalamu, kwa kuwa, kwa maneno yake, ni mtu wa kwanza kumuuliza analala vipi tangu baba afariki.