GUNIA LA CHUMVI LIMEKAA KWENYE KITI CHANGU MPAKA LIKASI

MwanaKatuba:
Jamani, kwenye treni ya Lubumbashi kwenda Ilebo, gunia limekaa. LIMEKAA. Dirishani, kwenye kiti changu, linapigwa na upepo mzuri, na mimi mwenye tikiti nimesimama kando kulilinda lisianguke.

Yule kondakta mnamjua. Yule wa kalamu sikioni ambayo tangu azaliwe haijaandika kitu. Kachukua tikiti yangu, kaona Likasi, kacheka. Mbele ya behewa zima! "Weye wa Likasi hauko musafiri, uko mutembezi. Musafiri njo huyu." Huyu nani? GUNIA. Mwenye gunia ana tikiti ya Ilebo, sawa, lakini gunia lenyewe halina tikiti hata ya kufika Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi!

Mutembezi. Mutembezi gani anabeba mashine ya kushona kichwani? Najua wa mbali wanateseka: Bukama, Kamina, Kananga, hadi Ilebo reli inapoishia mtoni. Wanapika humo, wanalala humo, watoto wanaota meno humo. Lakini Likasi nayo imewekwa kando ya reli kwa bahati mbaya au? Na kile kicheko! Mpaka mwenye gunia naye akacheka. Nadhani hata gunia lilitikisika.

Wa_Ilebo:
Ndugu, tuliza roho. Ninyi mnajaza viti vyote hapa Lubumbashi, sisi tunaambiwa treni imejaa. Mkishuka Likasi behewa linabaki uwanja wa mpira, na mwenzetu wa Kananga kabaki gare (stesheni) na watoto anangojea treni ingine. Gunia angalau linafika mwisho wa safari.

MwanaKatuba:
Kwa hiyo gunia linanizidi haki?

Wa_Ilebo:
Gunia limeshonwa mdomo, halifungui uzi likalalamika.

Kaka_Kamalondo:
Mutembezi weee 😂😂 Kilomita 120, lami tupu, juu ya nini haukupanda basi?

Mama_Likasi:
Basi gani? Mashine ya kushona wanailipisha kama mtu mzima. Watuwekee behewa letu la nyuma, sisi wa Likasi. Tukifika walikate, treni iende zake Tenke na wasafiri wenu watukufu.

Mzee_wa_Reli:
Mwanangu, wakilikata, nani atalirudisha Lubumbashi? Kichwa cha treni kimeshaenda na wa Ilebo. Zamani tungekaa tukahesabu: kiti kinauzwa mpaka Likasi, halafu kinauzwa tena Likasi mpaka Kamina. Ila gare ya Likasi ijulishwe mapema nani anashuka. Na yule wa kalamu aandike.

Kaka_Kamalondo:
Aandike na nini, wino ulikauka enzi za Mobutu

MwanaKatuba:
Amecheka, jamani. Tikiti yangu iko mkononi mwake na anacheka.

Kipushi_Moja:
Wewe umesimama, mshukuru Mungu. Mimi taksi ya Kipushi, kilomita 30, mbele tumekaa wawili pembeni ya dereva. Gia iko katikati ya magoti yangu. Kila akiweka ya pili ananiambia "pole papa".

Mama_Likasi:
Alikuomba radhi? Wa kwetu anakuambia jikunje.

Kaka_Kamalondo:
Hawa wa reli ni wale wale. Tazameni timu yao ya mpira: Lupopo tangu 1939, Afrika wameiona kwenye ramani. Mazembe yetu makombe matano ya Klabu Bingwa Afrika!

Mzee_wa_Reli:
Weye mtoto, Lupopo ni timu ya wafanyakazi wa reli, si ya huyo wa kalamu. Usichanganye bukari (ugali) na mchanga.

MwanaKatuba:
Tulikuwa kwenye kiti changu...

Kipushi_Moja:
Klabu Bingwa ya mwisho ya Mazembe ni 2015. Mnaishi kwa picha za zamani.

Kaka_Kamalondo:
Picha tunazo. Ninyi mna nini?

Mzee_wa_Reli:
Derbi ya Lupopo na Mazembe ikifika tuonane uwanja wa Kibassa Maliba. Uje na leso, na ukae upande wetu usikie vizuri.