Klipu ya maiki inazama kwenye stendi, haishiki hesi, nifanyeje?

mshika_waya
Wakuu habari za jioni. Mimi ndo nashika mitambo ya kwaya usharikani kwetu hapa Morogoro, sio fundi kihivyo, ni vile tu hakuna mwingine anaetaka kubeba waya. Sasa wageni wetu wa usharika rafiki wa Ujerumani wametuachia stendi nne za maiki, chuma nzito kweli, miguu haitikisiki, tukashangilia. Jumamosi mazoezini nachukua klipu zetu za siku zote nifunge, klipu inazama yote kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Kijiti cha juu ya stendi chembamba kama kidole changu cha mwisho, tundu la klipu linameza kidole cha shahada. Nikazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba raundi kama ishirini hivi ikashika, nikajiona mjanja. Jumapili wimbo wa pili muimbishaji akaivuta maiki kidogo tu ikachomoka na klipu yake ikapiga sakafu puu, spika zote zikaunguruma, mchungaji akaangalia juu akidhani paa linashuka. Maiki inafanya kazi bado ila wavu umebonyea. Nauliza, nipeleke stendi kwa fundi akachonge hesi upya au kuna namna nyingine?

SpikaMbovu
Usichonge kitu mkuu, utaharibu stendi ya maana. Tatizo lako ni saizi tu. Maiki zina saizi mbili kubwa za hesi duniani, stendi na klipu za kimarekani ni 5/8 ya inchi, karibu milimita 16, na hesi zake (ile mikato ya kuzungusha kama ya skrubu) nyembamba sana, 27 kwa inchi. Za Ulaya nyingi ni 3/8, yaani milimita 9 na nusu, hesi 16 kwa inchi. Stendi zako za Ujerumani ni 3/8 na klipu zako ni 5/8, ndo maana hata ungezungusha tepu rola nzima usingefika.

Dawa ni adapta, kapete kadogo ka shaba au chuma, nje dume 5/8 (hesi za kuingia) ndani jike 3/8 (tundu la kupokea). Kanaingia kwenye klipu, halafu klipu inafunga kwenye stendi kama kawaida. Mimi nilinunua kwa elfu tatu duka la vyombo vya muziki. Ila kabla hujatoka nyumbani kaangalie maboksi ya maiki zenu, klipu nyingi zinakuja na hako kapete, watu wanakatupa wakidhani ni uchafu wa kiwandani.

gereji_ya_uani
Kwani lazima adapta? Si achukue nati ya 5/8 hadwea aunganishe kwa kuchomelea, au atafute ya M10, ya milimita 10, afunge kwenye hicho kijiti cha stendi, M10 na 3/8 ni ndugu. Mambo mengine mnayakuza.

SpikaMbovu
@gereji_ya_uani ndugu yangu hapo unamuingiza chaka. Ukiomba nati ya 5/8 hadwea watakupa ya hesi nene, 11 kwa inchi, hiyo ya maiki ni 27, hazionani hata kwa salamu. Na M10 kwenye 3/8 itaingia, tena inaingia vizuri tu mwanzoni inacheza cheza, halafu inang'ang'ania katikati kwa sababu mwendo wa hesi haulingani (milimita 1.5 na karibu 1.6 toka hesi moja hadi nyingine), ukikaza kwa spana ndo umeua hesi. Inachofaa hadwea ni bolti ya 3/8 ya inchi yenye hesi za kawaida, hiyo unaibeba mfukoni kama kipimo, ukifika dukani unaijaribisha kwenye adapta kabla hujatoa hela.

Mama_Studio
Nyongeza kidogo kaka mshika_waya. Klipu za plastiki ukianza kuzungusha pete ikiwa imelala upande hesi zinakufa hapohapo na klipu ndo basi tena. Weka pete wima, izungushe kwanza kinyume taratibu, utasikia kama inadondoka kidogo tik, hapo ndo uanze kukaza, kwa vidole tu, ukisikia unahitaji plaizi ujue umekosea. Mwisho malizia kwa sarafu au bisibisi bapa pana, pete ina mfereji kichwani kwa kazi hiyo.

Na mimi sikubaliani na wanaoacha pete ndani ya klipu. Kila ukifungua maiki pete inaondoka na klipu, nusu ya siku inaisha mnatafuta nani ana pete. Zikaze kwenye stendi zote nne moja kwa moja ziache humo, stendi zote zinakuwa 5/8 na klipu yoyote ya kwaya inakaa popote.

mzee_wa_rekodi
Samahani nadandia uzi, mimi nina kirekoda cha Zoom H4n nataka kukiweka kwenye stendi ya maiki nirekodi kwaya, nyuma kina kitundu kidogo sana, hiyo adapta itafaa?

Mama_Studio
Hapana mzee wangu, hicho ni robo inchi, hesi ya kamera, 20 kwa inchi. Tafuta adapta yenye jike 3/8 au 5/8 chini kutegemea stendi yako na dume la robo juu. Mafundi picha wanazo nyingi kuliko watu wa muziki, anzia kwao.

mshika_waya
Mrejesho wakuu. Nimefukua kabati la kwaya, boksi mbili zina pete ndani ya mfuko wa nailoni hazijaguswa tangu tununue. Boksi la tatu halina kitu, nikauliza nyumbani, mtoto wangu akaniletea ya njano ameitungia kamba anachezea kama medali, kumbe niliibeba mwenyewe mwaka juzi nikidhani takataka. Nimezikaza kwenye stendi kama dada alivyosema, ile tik nimeisikia kabisa. Nimevuta maiki kwa nguvu kuliko muimbishaji, haiendi popote. Ya nne naiagiza na basi kutoka Kariakoo kesho, bolti ya 3/8 nimempa dogo anaenda nayo. @gereji_ya_uani usinune kaka, wavu uliobonyea nakuletea wewe uunyooshe.